Kibonyeo cha Tanki

Pikipiki ya baba ilikuwa buluu. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ukija kwetu leo utaikuta nyeusi, inang'aa, ina mistari ya dhahabu kila upande wa tanki, na utaisifu. Kila anayekuja anaisifu. Jirani aliipiga picha akawapelekea ndugu zake. Mimi ndiye niliyeifanya iwe nyeusi, na sifa zao zinanichoma.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, nisije nikajionea huruma bure. Kazi yangu iko Jebel Ali, hapa Dubai, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kontena linafika, karatasi zinafika, mimi nalinganisha. Namba ya kontena na namba ya hati, uzito na uzito, katoni na katoni. Vikilingana, yalla, mzigo utoke. Visipolingana, dereva hata alie machozi mbele ya meza yangu, haendi popote. Hasira zangu ziko karibu, najijua, na sipendi kitu kikae nusunusu. Kichafu nakisafisha, kilichopinda nakinyoosha. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba ningeufikia mwezi ningeupiga pasi.

Baba naye alikuwa mtu wa karatasi, lakini wa aina nyingine. Alitoka Unguja akiwa kijana, akaja huku Dubai, akapata ukarani gatini Deira, kuhesabu magunia yanayopakiwa kwenda bandari za Afrika. Pikipiki aliinunua kwa mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya Kiingereza pia, ya mbio, silinda moja kubwa, ekzosi yake imepasuliwa mwishoni mfano wa mkia wa samaki. Wakati huo ilikuwa nyeusi. Kiangazi cha kwanza baba aliendesha kutoka gatini hadi nyumbani adhuhuri, akashuka akitembea ametanua miguu, mapaja yameungua kwa tanki. Kesho yake akaingia dukani kutafuta rangi isiyovuta jua, akatoka na kopo la rangi ya milango, buluu, kwa sababu nyeupe ilikuwa imekwisha. Akaipaka kwa brashi. Ukiangalia karibu ungeona mistari ya nywele za brashi, na mahali fulani nzi mdogo aliyenaswa rangini akabaki humo miaka yote.

Juu ya tanki hilo la buluu ndiko nilikopandishwa nikiwa mtoto, taulo limetandikwa chini yangu, mikono ya baba pande zote mbili. Kwa hiyo siwezi kusema sikuijua. Niliijua kuliko mtu yeyote aliye hai, baada ya yeye.

Na tanki lilikuwa na kibonyeo, mahali bati limebonyea ndani. Upande wa kulia, juu, kipana kiasi cha kuingia kidole gumba. Hadithi yake ilisimuliwa kwetu kila Idi, na kila Idi wageni walicheka mahali palepale. Baba na mama walikuwa na miezi michache ya ndoa. Ijumaa baba alikuwa anakwenda na rafiki zake kukimbizana mchangani nje ya mji, na Ijumaa hiyo alikuwa ameahidi kumpeleka mama kwa dada yake aliyejifungua. Akarudi jua limeshazama. Akamkuta mama amesimama uani, amevaa buibui tangu asubuhi, mchi wa kinu mkononi. Alipita mbele ya mumewe, akaunyanyua mchi, akalipiga tanki pigo moja, akaurudisha mchi jikoni, akaja akapanda nyuma. Baba akampeleka kwa dada yake hivyohivyo, petroli inavuja kidogo kwenye mfuniko.

Tanki halikunyooshwa kamwe. Kila taa nyekundu, baba alikuwa akikitia kidole gumba kwenye kibonyeo kile akakisugua polepole mpaka taa iwake kijani. Rangi ya buluu hapo iliisha ikabaki bati tupu, laini. Mama akiwa nyuma alikuwa anaona.

Mama alipofariki, baba aliacha kuendesha. Pikipiki ikakaa uani chini ya turubai. Halafu, taratibu, akaanza kusahau. Kwanza majina ya mitaa, ambayo hapa Dubai hata mwenye akili zake timamu anayasahau. Kisha swala ameshaiswali au bado. Kisha siku moja akaniuliza mama yuko kwa dada yake mpaka lini. Nilikwenda kusimama jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Daktari alinambia nimzungushie vitu anavyovijua. Maneno yake yalikuwa hayo. Mimi nikasikia kwamba nimfurahishe, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Kwa sababu kitu alichokijua kilikuwa kipo tayari. Kila asubuhi baada ya chai alikuwa anatoka uani, ananyanyua pembe ya turubai, anaingiza mkono, anakaa hivyo dakika moja mbili, kisha anaifunika na kurudi ndani kutazama habari. Mimi niliona turubai chafu, matairi yamepasuka, kutu, mafuta yametona sakafuni. Niliona aibu. Nikasema nitampa baba pikipiki yake kama alivyoipata siku ya kwanza.

Fundi nilimpata karibu na kazini, Mkenya, ana banda lake kati ya maghala, anafufua pikipiki za zamani za matajiri. Ni mtu mpole, mwenye mikono mizuri kama ya daktari wa meno, na alikijua kiwanda kilichotengeneza ile pikipiki kuliko alivyoujua ukoo wake. Nikipita baada ya kazi kuangalia maendeleo, alikuwa ananisimulia huku anasugua.

Alinambia mwanzilishi hakuwa hata Mwingereza. Alikuwa mhamiaji, alifika kwenye mji wa viwanda na jina ambalo wenyeji walishindwa kulitamka, akalibadili. Akajaribu biashara hii na ile, akaingia kwenye baiskeli, kisha akatengeneza pikipiki. Haikununuliwa. Kampuni ikafa. Mtu mwingine angerudi kwao, yeye akaanza upya na wanawe, wakatengeneza pikipiki ndogo za watu wa kawaida, baadaye wanawe wakatamani mbio. Injini yao ya mbio ikawa inawaharibikia wasijue kwa nini, kwa sababu ikizunguka kwa kasi jicho halioni kitu. Basi wakatafuta taa inayowaka na kuzimika sambamba na mzunguko wa injini, na kwa taa ile vyuma vilivyokuwa vinaruka vikaonekana vimesimama. Wakaona ubovu uko wapi, wakaurekebisha, wakaanza kushinda. Miaka yote hiyo ilibaki kampuni ya familia, haikuwa kubwa, na pikipiki zao za fahari zilitoka nyeusi zina mistari ya dhahabu.

Niliwapenda watu wale. Niliona kama ni wa kwetu. Wageni, jina limepindishwa kwenye karatasi, baba na watoto katika kazi moja, na hawavumilii chuma kikae ovyo. Ofisini nilikuwa nawasimulia wenzangu mpaka wakachoka. Kadiri nilivyowapenda ndivyo nilivyotaka pikipiki iwe kama walivyoitaka wao. Fundi akawaandikia wapenzi wa pikipiki hizo huko Uingereza, ambao wanatunza vitabu vya kiwandani, na jibu likaja: namba ya injini ni hii, namba ya fremu ni hii, rangi nyeusi, mistari ya dhahabu. Niliichapa barua ile nikaiweka kwenye jalada la plastiki. Unaweza kufikiri nimepata cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu. Haikunijia hata mara moja kwamba nilikuwa nairudisha kwa familia isiyokuwa yetu.

Dada anayemwangalia baba, Mganda mmoja mtaratibu sana, alishaniambia tangu pikipiki ilipoondoka uani. Alisema mzee anaitafuta kila asubuhi, anasimama pale penye alama za mafuta, anauliza. Alishauri tumwambie mzee kwanza. Nikamjibu kwamba itakuwa zawadi ya kushtukiza, na kwa sauti ambayo ilifunga mazungumzo. Alisema sawa madam, akaendelea kukunja nguo.

Halafu siku ile. Nilikuwa na simu sikioni, mteja ananipigia kelele juu ya kontena lake, na fundi amelishika tanki, ameshalivua kila kitu isipokuwa rangi. Akalielekeza upande wa kulia kwangu.

"Madam, hii dent tuiwache ama tutoe?"

Nilikiona kibonyeo. Nataka niliseme hili bila kulipamba: nilikiona, na nilikijua. Nikaziba simu kwa kiganja.

"Toa yote," nikamwambia. "Iwe kama ilivyotoka kiwandani."

Akauliza kama nina hakika. Nikampa ishara kwa kidole, ile ninayowapa madereva. Akaandika kwenye karatasi yake ya kazi, mimi nikatia sahihi.

Ililetwa Jumamosi asubuhi. Nilimvalisha baba kanzu safi, nikamtoa uani nimemshika mkono. Pikipiki imesimama pale pake, nyeusi mpaka unajiona usoni. Nilikuwa nimesimama kama bibi harusi, simu tayari kupiga picha.

Baba aliitazama kwa adabu. Ndilo neno lake. Aliitazama kama anavyotazama mtoto wa mgeni aliyeletwa kumwamkia.

"Mashallah," akasema. "Ya nani hii?"

Nikamwambia ni yake. Akatabasamu, akanipigapiga mkono, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Akasema mwenyewe ameitunza vizuri sana. Kisha akaangaza macho uani, ukutani, nyuma ya tangi la maji, akaniuliza yetu iko wapi, maana hajaiona siku nyingi na watu wanaiba.

Hapo nikafanya ninachokijua. Nilikwenda ndani nikaleta jalada. Nikamwonyesha barua, nikamwonyesha kadi ya zamani ya pikipiki yenye jina lake, nikamwinamisha kwenye injini. Akavaa miwani. Akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, kidole chini ya kila moja, kama alivyokuwa akisoma alama za magunia. Akasoma na ya kwenye kadi. Sikuwa nimemwona makini hivyo kwa mwaka mzima. Alipomaliza akaikunja kadi akanirudishia kwa mikono miwili.

"Karatasi sawa, mwanangu. Mzigo siyo huu."

Nikamwambia namba zimelingana. Sauti yangu ilikuwa imepanda, naona haya kusema. Yeye hakupandisha yake. Akanieleza kwa upole, kama karani mpya, kwamba pale gatini gunia lilikuwa linakuja na alama sahihi na ndani kuna kitu kingine. Karani hatizami alama peke yake, akasema, hutia mkono guniani.

Akatia mkono. Aliuweka juu ya tanki upande wa kulia, bila kutafuta, na kidole gumba kikashuka mahali pake. Kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Mara ya tatu akaondoa mkono akaufuta kwenye kanzu, na akanitazama kwa huruma, akihofia amenivunja moyo.

Dada wa kazi alikuwa mlangoni. Aliinamisha uso akarudi ndani.

Sikukubali. Mimi sikubali upesi. Nilimwita fundi aje aiwashe, nikidhani masikio yatakumbuka kilichoyashinda macho. Pikipiki ile haiwashwi kwa nguvu, ina taratibu zake. Unaisukuma kiki kwa mguu mpaka uhisi injini imegoma, unabana kidole cha chuma kwenye usukani kuipunguzia pumzi, unaivusha kidogo, kisha unashusha mguu mara moja, mrefu, bila hasira. Fundi alijaribu mara mbili haikuwaka. Baba, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki na kikombe chake cha chai, akakiweka kikombe chini.

"Usiipige teke, kijana. Isindikize."

Fundi akanitazama, mimi nikamtazama. Akaisindikiza. Ikawaka, ule mdundo mzito wa silinda moja ukagonga kuta za ua, na baba akafumba macho akaanza kutikisa kichwa taratibu, anatabasamu. Nililia palepale mbele ya fundi wa watu. Nikasema moyoni khalas, amerudi. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamuuliza kama ameitambua sasa.

Baba akafumbua macho. Akasema hii ni ndugu yake yetu, kiwanda kimoja, mtu hawezi kukosea. Lakini yetu ikikaribia kutulia hukohoa mara mbili, na hii haikohoi. Fundi akashusha macho. Kikohozi kile alikuwa amekitibu wiki ya kwanza, na aliniandikia kwenye orodha ya kazi, na nilitia sahihi.

Baada ya hapo nilihangaika na mambo ambayo hata kuyasimulia ni tabu. Nilinunua rangi ya buluu nikapaka ubao, nikampelekea baba. Akasema nzuri, lakini siyo, yetu imepauka. Nilinunua nyingine, nikaipunguza kwa nyeupe. Siyo. Nilikwenda kwenye mapipa ya nyuma ya banda la fundi kutafuta turubai letu la zamani, nililoamuru litupwe, mimi na viatu vyangu vya ofisini. Mlinzi aliniuliza nimepoteza nini. Mwisho nikaingia kwa fundi nikamwambia alichukue tanki, alibonyeze palepale, picha ninazo, vipimo nitampa. Nikamwambia nitaleta na mchi wenyewe, uko jikoni kwetu mpaka leo.

Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akaifuta kwa muda mrefu.

"Madam, nikigonga leo, itakuwa dent yangu," akasema. "Ile ya mama nilishaitoa. Pole."

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini aliuliza siku ile, na aliuliza mara mbili, na karatasi iliyobandikwa ukutani kwake ina sahihi yangu. Kazini kwangu jambo la hivyo limefungwa.

Sasa inakaa uani, chini ya kifuniko kipya chenye zipu. Baba ndiye anayeifunika. Ana wasiwasi nayo, maana ni amana ya watu, na anamkumbusha dada wa kazi asiimwagie maji anapoosha ua, mwenyewe asije akalaumu. Wakati mwingine ananiagiza nimtafute huyo mwenyewe, atakuwa anahangaika maskini. Namwambia nitamtafuta.

Na kila asubuhi baada ya chai ananiuliza ile yetu. Zamani nilikuwa nabishana naye, nikaacha. Leo asubuhi nilikuwa nimeshika funguo za gari, nimechelewa, akaniita nikiwa mlangoni. Akauliza pikipiki iko wapi. Nikasema bado iko kwa fundi, Baba. Akauliza fundi ana mkono mzuri? Nikasema anao, mzuri sana. Akafikiri kidogo, kidole gumba kinasugua ukingo wa kikombe.

"Basi mwambie afanye yote, lakini pale alipopiga mamako asipaguse."

"Nitamwambia, Baba."

"Mwambie leo. Mafundi wana haraka."

Nikasema nitapita kwake nikitoka kazini.